Mawe Hayaugui

Chuoni, Pennsylvania
18 Septemba 1977

Baba yangu,

Kwanza kaa chini. Nakujua, barua unazisoma umesimama mlangoni mwa chumba cha wagonjwa, jicho moja kwenye karatasi na jingine kwa anayekohoa. Mimi sijambo. Basi lilinifikisha salama. Kolachi, maandazi yetu ya matunda, alizonifungia Bi Albina ziliisha kabla hatujatoka Iowa, maana zile za plamu zililiwa na askari mmoja aliyekaa pembeni yangu akijifanya anaonja. Mwambie nimesema nesi bora ni yule anayejua kuoka. Asubuhi ya kuondoka nilipita makaburini kwa Bibi. Nyasi zimeshika vizuri, na jina lake bado linasomeka kama jipya ingawa huu ni mwaka wa pili tangu tumzike.

Sasa jambo lenyewe. Huu mwaka wangu wa pili ndio wa kuchagua somo kuu la shahada, na fomu inatakiwa kabla Machi haijaisha. Najua nyumbani neno lilishapita: biolojia, kisha chuo cha udaktari, kisha kurudi Nova Lhota, kwenye kiti chako na kabati lako la dawa. Lakini mshauri wa sisi tunaoelekea udaktari anasema vyuo vya udaktari havijali somo kuu ni lipi, mradi mtu amefaulu kemia, fizikia na biolojia wanazozitaka wao. Anasema mwaka jana walimpokea mmoja aliyesomea kinanda. Mimi, Baba, nataka kusomea jiolojia. Mwalimu alitupeleka machimboni nikashika jiwe lenye konokono wa baharini ndani yake, huku milimani, mbali na bahari yoyote. Siku hiyo nilisahau kula. Udaktari nitaomba vilevile, nakuahidi.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu laini yetu tunashirikiana na majirani, nao wote wanaisikiliza, na kabla ya Jumapili kanisa zima lingekuwa linaniombea. Usinikasirikie kwanza. Nijibu.

Binti yako,
Vlasta


Nova Lhota, Nebraska
9 Oktoba 1977

Vlasta, mwanangu,

Nilisoma nimesimama. Utanifanya nini?

Huku wote wazima, au wagonjwa kiasi cha kunilisha. Mahindi yanavunwa, vumbi limeingia mpaka kwenye kahawa. Juzi nilizalisha mapacha kwa akina Zeman. Mama hakutoa hata sauti. Baba akazimia na kugonga kichwa kwenye jiko, ikabidi nimshone yeye huku watoto wanalia. Bata wa karamu ya kanisa walikuwa wakavu mwaka huu, lakini nilikula kwa bidii ili akina mama wasininunie.

Ama hilo la jiolojia, nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Mawe hayaugui, Vlasta! Hujawahi kuona jiwe limekuja kwangu limeshika tumbo. Huyo mshauri wako ni mtu wa mjini, na watu wa mjini wana daktari kila kona, wanaweza kuchezea miaka. Chagua biolojia. Vipo vyuo vya udaktari vinavyomchukua mtu baada ya miaka mitatu tu, bila kungoja shahada, akiwa amejaza sayansi za kutosha. Mwaka mmoja ni mkubwa kwa mtu wa umri wangu. Zahanati hii nimeishika tangu nirudi vitani na nitaishika mpaka uje, lakini usinizungushe.

Krismasi usije. Barabara zitakuwa mbaya, na wewe una kemia. Baki huko usome. Sitaki ubishi.

Baba yako,
E. Havranek


Chuoni
6 Novemba 1977

Baba,

Nimefurahi kusikia mapacha wamefika salama, na pole kwa Bwana Zeman na kichwa chake. Mimi nilishikwa na mafua, yameisha. Msichana ninayekaa naye chumba kimoja anatoka New Jersey na hajawahi kumwona ng'ombe kwa karibu. Nimemwambia hajakosa mengi. Kemia ya mwaka huu inatunyonga. Wiki iliyopita nilivunja chupa maabara, mwalimu akanitazama kwa huruma. Ile huruma iliniuma kuliko maksi.

Umeyacheka mawe. Basi nikwambie ukweli ambao sikutaka kuuandika. Nayapenda kwa sababu siwezi kuyaua. Ninaogopa, Baba. Unakumbuka ulivyonifundisha mezani, bata yuko kwenye sahani, nami nina miaka kumi na miwili? Ulisema mgonjwa anayetumia dawa ya moyo akianza kutapika na kuona taa zina rangi ya njano, ujue dawa imegeuka sumu mwilini, isimamishe siku hiyohiyo. Ukaendelea kula. Mimi sikulala. Nilikuwa nawaza, je, daktari akisahau? Tangu hapo kila nikijiona nimevaa koti lako jeupe namwona na mtu amelala mbele yangu, haamki. Nadhani nikipata miaka minne na kitu ninachokipenda, nitapata na ujasiri wa hicho kingine. Kwa haraka sitaweza.

Na kwa nini nisije Krismasi? Sijawahi kuikosa hata mara moja. Kuna jambo unanificha?

Vlasta


Nova Lhota
29 Desemba 1977

Vlasta wangu,

Samahani nimekawia. Barua yako niliiweka mahali, ikanipotea, ikajirudisha yenyewe. Wote wazima. Theluji imefika madirishani na hakuna anayekuja kwangu ila aliyeteleza.

Nimekaa na maneno yako. Nilipokuwa na umri wako nilitaka kuwa dereva wa treni. Babu yako akasema mtoto wake hatarudi nyumbani kila siku amejaa masizi. Nikatii. Sijuti, lakini hadi leo treni ikipita lazima nisimame niitazame. Soma jiolojia, mwanangu. Soma kwa raha zako. Daktari asiyejua kitu ila magonjwa anawachosha hata wagonjwa. Na huo woga usiuonee haya. Niliwahi kufanya kazi na daktari asiyeogopa, na niliwasindikiza wagonjwa wake makaburini. Una baraka zangu, usiniulize tena.

Bibi yako anauliza kama una soksi za sufu. Yuko hapa jikoni anakanda unga, anasema nikuandikie ule vizuri, umekonda. Mimi namwitikia tu, maana leo ana kisirani.

Baba yako


Chuoni
11 Januari 1978

Baba yangu,

Heri ya mwaka mpya. Krismasi nilikula na familia ya yule rafiki yangu huko New Jersey. Walikuwa wakarimu, lakini hawaimbi mezani, na chakula kisichoimbiwa hakishibishi.

Barua yako ilipofika nilipiga kelele, wenzangu bwenini wakatoka vyumbani wakidhani kuna moto. Baraka zako, Baba! Nilimkumbatia hata mfagiaji. Kisha nikafika mwisho wa ukurasa nikakaa kitandani. Bibi tulimzika. Wewe ndiye uliyemfumba macho. Nimejaribu kila njia: labda unatania, lakini hujawahi kutania juu yake, labda ulisinzia ukaandika ndoto. Mara ya pili niliogopa kuisoma.

Nikampigia Bi Albina, majirani wasikilize wakitaka. Akajibu kwa sauti ya juu kama mtu anayejua anasikilizwa, "Baba yako mzima kabisa, mtoto. Amechoka tu. We soma upesi, upesi urudi." Halafu Bwana Kubik wa duka la dawa akaniletea kadi ya sikukuu, naye kamalizia kwa maneno hayohayo, nisome upesi. Tangu lini Bwana Kubik ananiandikia mimi?

Niambie wewe. Nikiambiwa nitaogopa kitu kimoja. Nisipoambiwa naogopa vyote.

Vlasta


Nova Lhota
19 Februari 1978

Vlasta,

Wote wazima. Theluji imefika madirishani na hakuna anayekuja kwangu ila aliyeteleza.

Albina kanipa kalamu na kuniambia nikujibu, kana kwamba mimi ni mtoto wa shule. Siku hizi ananisimamia begani nikiandika dawa. Na Kubik naye, kila cheti cha dawa ananipigia, "Daktari, ulimaanisha hii kweli?" Nilimaanisha nilichoandika! Nimewatibu hawa watu wote, na mama zao, leo wananichunga kama mwizi dukani.

Sasa ndiyo nasikia unataka kusomea mawe. Nasikia kwa Albina, si kwako! Ulikuwa unangoja nini kuniambia? Mawe hayaugui, Vlasta! Hujawahi kuona jiwe limekuja kwangu limeshika tumbo. Sijaruhusu na siruhusu. Chagua biolojia, maliza kwa miaka mitatu, urudi.

Na wasikudanganye kwamba kazi imenishinda. Jana nilikwenda shambani kwa mzee Sedlak, gari nikiliendesha mwenyewe, bila Albina. Unajua moyo wake nimeutibu miaka. Sasa hali chakula, anatapika, na analalamika kila taa ina duara la njano. Nimemwambia ni ini. Nikamwongezea dawa ya moyo mara mbili ili apate nguvu, vidonge nikamwachia mkononi. Atapona. Ungekuwa na biolojia ungenielewa.

E. Havranek


Chuoni
24 Februari 1978

Baba,

Nisamehe, leo sina salamu. Barua yako niliifungulia kwenye ngazi za posta. Nilipofika penye taa za njano niliikunja bila kuimaliza. Kisha nikakimbia kutafuta simu. Nilipiga shambani kwa mzee Sedlak, ikaita, ikaita, hakuna aliyejibu. Nikampigia Bi Albina na kupayuka, "Dawa ya moyo! Mnyang'anyeni vidonge, mpelekeni hospitali sasa hivi!" Bi Zeman alikuwa kwenye laini anatusikiliza kama kawaida yake. Safari hii namshukuru Mungu kwa umbea wake, maana shamba lao ndilo la karibu. Aliutupa mkono wa simu, akawasha gari kabla sijamaliza kusema.

Walimkuta kitandani, mapigo ya moyo yanakuja na kupotea. Mkewe alikuwa zizini, ndiyo maana simu haikujibiwa. Amelazwa mjini. Madaktari wanasema ataishi. Mimi bado sijaamini, kila simu ikilia huku nadhani ni habari za msiba.

Baadaye Bi Albina alilia na kunieleza yote. Ilianza mwishoni mwa kiangazi kilichopita, mimi nikiwa nimeshaondoka. Anakisoma kila cheti chako kabla mgonjwa hajatoka, Bwana Kubik anakisoma tena dukani, na mji mzima unajua. Walikubaliana kukushikilia hivyohivyo mpaka nimalize masomo, kwa sababu wanakupenda, na kwa sababu hakuna daktari mwingine atakayekuja kukaa Nova Lhota. Kwa hiyo somo langu kuu nimechaguliwa na kanisa zima. Na siku moja tu uliyowatoroka, mtu nusura afe.

Acha kazi, Baba. Waandikie wa bodi ya leseni kwa mkono wako kwamba umestaafu. Usipoandika wewe nitaandika mimi. Itanivunja moyo lakini nitaandika. Nimemwomba Bi Albina akusomee barua hii kila asubuhi mpaka uielewe. Naogopa utaielewa kila asubuhi kana kwamba ni mara ya kwanza, na mimi ndiye nitakayekuwa nimekuumiza kila siku.

Nisamehe.
Vlasta


Nova Lhota
20 Machi 1978

Vlasta, mwanangu,

Leo kichwa kimetulia, basi naandika upesi. Albina yuko pembeni, kanisaidia tarehe tu, mengine yote ni yangu.

Bodi nimeiandikia. Sahihi ni yangu na mkono ulikuwa imara. Kibao cha zahanati nimekishusha mwenyewe. Zeman alinishikia ngazi. Mzee Sedlak amerudi kwake. Nilikwenda kumwomba radhi, akanimiminia pombe ya plamu, akasema, "Emil, mimi ni mgumu bwana. Hata wewe umenishindwa." Tukacheka. Kisha nikalia mbele ya mkewe, na mkewe akalia pia.

Uliniuliza kama nakuficha jambo. Nilikuficha. Mwishoni mwa kiangazi, ulipokwisha kuondoka, nilisimama mbele ya kabati la dawa nisijue nimefuata nini. Nikajua, maana ugonjwa huu nimeuona kwa wengine, najua unakoelekea. Krismasi nilikuzuia usije kwa sababu ungeniona mara moja. Wewe una macho makali ya marehemu mama yako. Ninaogopa, Vlasta. Neno hili sijawahi kumwambia mtu. Kufa hakunitishi. Ninachoogopa ni kuamka siku moja nikamwuliza binti yangu yeye ni nani. Biolojia yenyewe sikuwa na haja nayo. Nilitaka ufike nikiwa bado nakujua.

Albina anasema kuhusu yale mawe niliwahi kukubali na niliwahi kukataa. Sikumbuki lolote kati ya hayo. Basi chukua hili la leo, nikiwa na akili zangu: chagua unachokitaka.

Wako,
Baba


Chuoni
2 Aprili 1978

Baba yangu mpendwa,

Natumaini umekula na Bi Albina hajakuchosha. Mimi mzima. Huku theluji imeyeyuka, tunatembea kwenye matope.

Fomu nimeirudisha. Nimechagua jiolojia, miaka yote minne, na kemia zote ndani yake, fizikia mwakani. Mshauri aliniuliza kama bado nautaka udaktari. Nikasema ndiyo. Akauliza kwa nini. Nilimwambia tu kwamba siku ile kwenye simu nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuijua, na bado nilisema kilichotakiwa kusemwa. Hofu haijaondoka. Nimeacha kuingoja iondoke.

Bi Zeman ameniandikia. Anasema wagonjwa sasa wanapelekwa mpaka mjini, na mama mmoja alijifungulia garini njiani. Anasema wapo wanaosema mimi ndiye niliyewanyang'anya daktari wao. Wanaogopa, na wana sababu. Wanataka niharakishe masomo, lakini nikifika mapema sijaiva nitawafanyia yaleyale waliyoponea.

Juni nakuja. Ukinikataza nitakuja vilevile.

Vlasta


Nova Lhota
5 Novemba 1978

Mpenzi Vlasta,

Natumaini umefika salama chuoni na umepata chumba chenye joto. Huku baridi imeanza. Mimi mzima. Kuna mama mmoja mwema anakaa nami, anaoka vizuri sana, jina lake litanijia sasa hivi. Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja kucheza karata, akanishinda, akasema aliwahi kunishinda mara nyingi tu. Nilimwamini, alionekana mtu mkweli.

Nina habari ya kukupa. Mji wetu unangoja daktari! Wanasema ni msichana, binti wa mtu wa hapahapa, yuko huko mashariki anasoma. Wengine wananung'unika kwamba anakawia, kwamba alianza na mawe badala ya kukimbilia magonjwa. Nimewaambia wamwache. Kazi ile mtu hasukumwi. Nadhani niliwahi kuifanya, maana najua ilivyo nzito.

Mimi mwenyewe siku hizi kichwa hakiniendei vizuri, na usiku naogopa, sijui naogopa nini. Ningependa yeye ndiye anitazame. Nimemwomba huyu mama anisaidie niwe mgonjwa wake wa kwanza, naye akatoka nje upesi, nadhani alikuwa na kitu jikoni.

Wewe uko upande huohuo, labda mnaonana. Ukimwona, mwambie asiniogope. Mwambie mimi si mgonjwa msumbufu, nitasema ukweli kila anachoniuliza. Na ikitokea akakosea kwangu, mwambie nimeshamsamehe.

Baba yako,
Emil